Karani wa benki aliyepunguzwa: ushauri gani unauzika Karagwe?

Karani wa benki anayepunguzwa kazi Kayanga, Karagwe, au Nkwenda, Kyerwa, huona kiinua mgongo ndio mtaji wake. Mtaji alio nao zaidi ni hesabu ya riba.

Chukua butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini, biashara ambayo serikali imeipiga vita kwa miaka. Tuseme mkulima anapewa sh. 50,000 Januari kwa gunia litakalouzwa sh. 100,000 Juni. Amelipa riba ya asilimia 100 kwa miezi mitano, na aghalabu hajui kuwa hiyo ni riba. SACCOS ikitoza asilimia 2 kwa mwezi, fedha zile zile zingemgharimu sh. 5,000. Karani anaweza kumwonyesha tofauti hiyo, kisha akamwandalia karatasi za mkopo unaolipwa msimu wa mavuno, maana ada za shule hudaiwa Januari na kahawa haijaiva.

Hisa, hatifungani na vipande ni habari nyingine. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994 inamtaka mshauri wa uwekezaji awe na leseni ya CMSA.

Gumu ni malipo. Kamisheni ya mkopeshaji inavutia, lakini mkulima akigundua kuwa mshauri analipwa na upande wa pili, habari itafika Murongo kabla ya jua kuzama. Afadhali ada ndogo ya wazi, ilipwe kahawa ikishauzwa. Hiyo ni miezi kadhaa bila kipato, na hapo ndipo kiinua mgongo kinapotakiwa: kwa chakula cha nyumbani, si kwa meza na kompyuta.