Bakteria Walao Methani na Gesi ya Migodi ya Makaa ya Mawe

Tarehe 6 Juni 1972 mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Wankie, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na watu zaidi ya 420 wakafa chini ya ardhi. Mwaka 1913 mlipuko wa Senghenydd, huko Wales, uliua wachimbaji 439. Adui mkuu wa wachimbaji wa makaa ni methani, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja yatosha kuilipua.

Siku hizi iko sababu ya pili ya kuihofia. Kwa kipindi cha miaka 100, tani moja ya methani iliyotolewa angani huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko tani moja ya kaboni dioksaidi. Makala haya yanakusudia kueleza viumbe wadogo ambao chakula chao ni gesi hiyo hiyo, na kupima kama kweli twaweza kuwaajiri migodini.

1. Methani hutoka wapi?

Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea iliyofukiwa kwa mamilioni ya miaka. Joto na uzito wa ardhi vilipoyageuza mabaki hayo kuwa makaa, methani ilizaliwa pamoja nayo, ikanata katika vitundu vidogo mno vya makaa. Mchimbaji anapoyakata, shinikizo hupungua na gesi hutoka.

Kinga ya kwanza ni kuingiza hewa nyingi mgodini kwa mapangaboi makubwa, ili methani isikaribie kiwango cha kulipuka. Hewa hiyo hutoka nje kwa kawaida ikiwa na methani isiyofika asilimia 1. Hapa ndipo penye ugumu. Methani hiyo ni hafifu mno kuweza kuwashwa kama nishati ya kawaida. Lakini kwa kuwa hewa yenyewe ni nyingi, ikijumlishwa ndiyo sehemu kubwa ya methani itokayo katika migodi ya chini ya ardhi.

2. Viumbe waishio kwa methani

Mwaka 1906 mwanasayansi N. L. Söhngen, huko Delft, Uholanzi, alieleza bakteria waliokua kwa kutumia methani peke yake kama chakula cha kaboni. Mwaka 1970 Whittenbury na wenzake, nchini Uingereza, walitangaza kuwa wametenga aina zaidi ya 100 za bakteria wa namna hii. Viumbe hawa si wageni kwetu. Wamo katika tope la mashamba ya mpunga na katika vinamasi. Katika vilindi vya Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo, mna methani nyingi sana iliyoyeyuka. Lakini ni kidogo tu inayofika hewani, kwani sehemu kubwa ya ile inayopanda huliwa na bakteria mahali inapokutana na oksijeni.

Bakteria hawa wana kimeng'enya maalumu, chenye shaba au chuma, kinachopachika atomu moja ya oksijeni katika molekuli ya methani. Methani huwa methanoli, kisha fomaldehidi, na mwisho kaboni dioksaidi. Ikichomwa yote, hesabu ni hii:

CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O

Kazi ambayo kwetu hudai moto, bakteria huifanya katika joto la sentigredi 30 hivi. Sehemu ya kaboni haichomwi, bali hutumika kujengea miili yao.

Msomaji ataweza kuuliza: Je, kugeuza methani kuwa kaboni dioksaidi si kubadilisha ubaya kwa ubaya? Tupime. Gramu 16 za methani hutoa gramu 44 za kaboni dioksaidi. Kwa hiyo tani moja hutoa tani 2.75 kwa wingi wake. Madhara ya kiasi cha 28 yamekuwa chini ya 3. Takriban sehemu tisa katika kumi zimeondoka.

3. Njia ya kwanza: kuwapeleka bakteria ndani ya mwamba

Wazo la kutumia bakteria hawa migodini lilitolewa na wanasayansi wa Umoja wa Kisovieti katika miaka ya 1930, na katika miaka ya 1970 majaribio yakafanywa huko ya kusukuma maji yenye bakteria ndani ya tabaka la makaa kabla ya kuchimba.

Vizuizi vya njia hii ni vitatu. Kwanza, bakteria ana upana wa takriban elfu moja ya milimita, na vitundu vingi vinavyoshika methani ni vidogo mno kuliko yeye. Hawezi kuingia, hana budi kungoja gesi itoke katika nyufa. Pili, kila gramu ya methani hudai gramu 4 za oksijeni, nayo lita moja ya maji yaliyokaa hewani hubeba miligramu 9 hivi tu. Mita moja ya ujazo ya maji hayo, basi, yatosha kuondoa gramu 2 na ushei za methani, hali tani moja ya makaa yaweza kushika kilo kadhaa. Tatu, tukisukuma hewa ili kuongeza oksijeni, makaa yenyewe huanza kupata joto na yaweza kushika moto. Tukijaribu kuondoa hatari moja, twaweza kuiita nyingine.

4. Njia ya pili: chujio hai

Njia ya pili ni kuwaacha bakteria nje na kuwaletea hewa ya mgodi. Hewa hupitishwa katika chombo kilichojazwa vipande ambavyo bakteria wameotea juu yake kama utando, huku wakinyunyiziwa maji yenye nitrojeni, fosforasi na chembe za shaba.

Nchini Australia, watafiti walimtenga bakteria wa mgodini, wakamwita Methylomonas fodinarum. Neno la pili, kwa Kilatini, maana yake ni "wa migodi". Mwaka 1993 Sly na wenzake walieleza chujio dogo la maabara lililopunguza methani kwa zaidi ya asilimia 70, hewa ikikaa ndani kwa dakika 15.

Matokeo hayo ni mazuri, lakini tuyapeleke mgodini. Tuseme mgodi hutoa hewa mita 100 za ujazo kila sekunde. Dakika 15 ni sekunde 900. Kwa hiyo chujio litahitaji nafasi ya mita za ujazo 90,000. Hilo ni jengo lenye eneo la uwanja wa mpira na kimo cha mita zaidi ya 12!

Sababu ni kwamba methani haipendi maji, na bakteria hula kile tu kilichoyeyuka. Lita moja ya maji huyeyusha miligramu 22 hivi za methani tupu. Hewa yenye methani asilimia 0.5 huacha miligramu 0.1 tu. Bakteria wamekaa mezani, ila sahani iko karibu tupu.

5. Utafiti unaelekea wapi?

Kazi iliyopo ni kupata bakteria wanaoridhika na chakula hafifu. Mwaka 2023 Mary Lidstrom na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza bakteria anayekua vizuri katika methani ya sehemu 500 kwa milioni, yaani asilimia 0.05. Wengine wanatafuta njia za kuifikisha gesi kwa bakteria upesi zaidi.

Hata hivyo njia hii haifai kila mahali. Makaa ya Ngaka, mkoani Ruvuma, huchimbwa katika shimo la wazi. Hapo hakuna mlango mmoja wa hewa wa kufungia chujio. Wala bakteria hawachukui nafasi ya mapangaboi na vipimo vya gesi. Hivyo hulinda maisha ya mchimbaji leo. Bakteria wanaweza kusaidia kulinda hewa ya watoto wake.

Mazoezi

1. Eleza kwa nini chujio huwekwa nje ya mgodi. (Dokezo: methani asilimia 1 ikiliwa yote, oksijeni hupungua kwa asilimia ngapi?)
2. Ikiwa muda wa hewa kukaa katika chujio utapunguzwa hadi dakika 3, nafasi itakayohitajika kwa mgodi wetu wa mfano itakuwa kiasi gani?
3. Koroga tope la dimbwi kwa fimbo, utazame mapovu. Kwa nini mapovu hayo ni mengi kuliko yale yanayopanda yenyewe dimbwi likiwa limetulia?