"Confirm": Neno Linaloweza Kukuokolea Magunia ya Mahindi

Ukituma au kupokea pesa kwa simu, neno "confirm" huwezi kulikwepa. Tangu M-PESA ianze hapa Kenya mwaka 2007, tumelizoea hadi tukaliingiza kwenye Kiswahili chetu: "Nimekutumia, hebu confirm." Lakini lina maana gani hasa?

Limetoka wapi?

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "confirmare", yaani kufanya kitu kiwe imara. Lilipitia Kifaransa kabla ya kuingia kwenye Kiingereza. Kiswahili kina pacha wake: kuthibitisha, kutokana na thabiti, neno lenye asili ya Kiarabu. Thabiti nalo ni imara, kisichotikisika.

Linavyotumika kwenye simu

- Kabla ya kutuma, "confirm" ni agizo kwako: hakikisha jina na kiasi.
- Baada ya kutuma, "confirmed" ni taarifa. Ile "-ed" ya mwisho inaonyesha jambo limeshatendeka, pesa imeshahama.

Hapo kwenye "confirmed" ndipo matapeli hujificha, kwa sababu neno hilo mtu yeyote anaweza kuliandika.

Tuseme hivi

Uko sokoni Kitale na magunia kumi ya mahindi. Mnunuzi anapiga simu, anasema yuko Bungoma, ila dereva wake ameshafika hapo na pikapu. Mara ujumbe unaingia: "Confirmed. Umepokea..." Dereva ana haraka, injini inanguruma. Utapakia?

Bado! Ujumbe umesema "confirmed", lakini wewe mwenyewe huja-confirm. Fanya hivi kwanza:

1. Angalia aliyetuma ujumbe. Ukitoka kwa namba ya kawaida ya mtu, huo ni utapeli.
2. Usiamini salio lililoandikwa kwenye ujumbe. Fungua akaunti yako uangalie mwenyewe. Kwa M-PESA, piga *334#.
3. Usimpe mtu PIN yako, hata akijiita mhudumu.

Na anayedai "nimekosea namba, nirudishie"? Angalia salio vilevile. Kama kweli pesa ziliingia, mwambie afuate njia rasmi: kwa M-PESA, atume ule ujumbe wa muamala kwa 456.

Kuangalia salio hakuchukui hata dakika moja. Mnunuzi wa kweli atasubiri. Asiyeweza kusubiri, mwache aende na pikapu tupu.