Usiliuze Gitaa la Mjomba kwa Laki Tatu

Mdogo wangu wa Tanga! Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Subiri, nitakuambia kwa nini.

Kwa wenzangu mnaosoma: binti huyu ana miaka 22, anapiga gitaa kwenye kwaya yao, na upande wa vyombo msichana ni yeye tu. Mjomba wake aliyeishi Uingereza miaka mingi amerudi nyumbani, akamkabidhi gitaa la umeme la zamani, jekundu lililopauka, kichwani limeandikwa Fender Mustang. Alipolifikisha mazoezini, kaka kiongozi wa vyombo akalitazama akasema hilo la watoto, ona shingo ilivyo fupi. Wakalichomeka kwenye amplifaya, kimya. Basi likawa la watoto tena bovu. Jioni ileile mpiga solo akamvuta pembeni, akamwambia atamsaidia tu, atalichukua kwa laki tatu "la spea". Sasa anauliza: Dada, niuze? Na vidole vyangu kweli ni vifupi, au gitaa halikuwa langu tangu mwanzo?

Tuanze na ule ukimya, maana ndio ulionichekesha. Litazame gitaa lako pale kwenye plastiki, upande wa uzi mnene. Kuna viswichi viwili vya kusukuma kwa kidole, kimoja cha pikapu ya mbele, kingine cha pikapu ya nyuma. Kila kiswichi kina vituo vitatu, na kituo cha katikati ni kuzima. Kuzima kabisa! Vyote viwili vikikaa katikati, hata ukileta mitambo ya uwanja wa mpira hupati kitu. Mjomba alivizima, gitaa likasafiri hivyohivyo, na hapo mazoezini hakuna aliyevigusa. Sukuma vyote upande mmoja, usikie. Ukisukuma kimoja huku na kingine kule, sauti inakuwa nyembamba, ya puani, kama redio ndogo ndani ya ndoo. Hapo tena mtu atakuambia bovu. Si bovu, limetengenezwa hivyo: pikapu mbili zinavutana kinyume na sauti nzito inaliwa. Iache hiyo ya siku maalumu.

Ukisukuma na bado kimya, ni uchafu wa miaka ndani ya viswichi. Fundi redio yeyote ana dawa ya kupuliza ya kusafishia. Asianze kukata nyaya.

Sasa hili la watoto. Hapo kaka kiongozi hakukosea sana, ila habari yake ameishia nusu. Mwaka 1956 Fender walitoa magitaa mawili ya wanafunzi, Musicmaster na Duo-Sonic, yenye urefu wa sentimita 57 toka juu ya shingo hadi kidaraja, wakati Stratocaster ina karibu 65. Mustang likafuata mwaka 1964, wakalitengeneza hadi 1982. Lilikuwa na urefu wa aina mbili, ule wa 57 na mwingine wa 61. Usibabaike ni lipi ulilo nalo. Chukua futi ya fundi cherehani, pima toka pale nyuzi zinapotokea juu ya shingo hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Ukipata 30 na nusu, lako ni la 61.

Shida ya neno "wanafunzi" ni kwamba waliolishika hawakusoma tangazo. Jimi Hendrix kabla hajawa Hendrix, alipokuwa akiwapigia Isley Brothers, alikuwa na Duo-Sonic. Yule mtu alikuwa na vidole virefu hadi kidole gumba kinazunguka shingo na kubana uzi mnene, lakini gitaa alilokuwa nalo lilikuwa la wenye vidole vifupi. John Lennon alinunua Rickenbacker 325 mjini Hamburg mwaka 1960, fupi kuliko hata lako, sentimita 53 hivi. Alilipiga hadi rangi ikabadilishwa kuwa nyeusi, na ndilo alilosimama nalo mbele ya Marekani nzima kwenye kipindi cha Ed Sullivan, Februari 1964. Sijasikia aliyemwambia akalete la watu wazima. Kurt Cobain wa Nirvana aliyapenda haya ya Mustang kuliko mengine, na moja lake la mwaka 1969, la buluu, lile la kwenye video ya Smells Like Teen Spirit, liliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni nne na nusu.

Hapo tuelewane, mdogo wangu. Usianze kupiga hesabu za kiwanja. Zile fedha zilikuwa za jina la marehemu, si za mbao. Lakini kama lako ni la miaka ya sitini na halijachezewa, haliko kwenye laki tatu wala karibu na hapo. Huko nje ni zaidi ya dola elfu moja. Na yule kaka wa solo, aliyeliona likiitwa bovu mchana na kulitaka jioni, mimi namshuku kwamba kati ya mchana na jioni aliingia kwenye simu.

Kuhusu vidole. Uzi uleule, noti ileile, ukifupishwa hauhitaji kukazwa sana. Toka sentimita 65 kushuka 61, mkazo unapungua kwa asilimia 11 hivi, na kwenye 57 unapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Unabonyeza kwa nguvu ndogo, unavuta uzi bila kung'ata meno. Na zile freti nne za kwanza, ambako kodi zote za kwaya zinaishi, kwa jumla zinasogeleana karibu milimita 8 kwenye la 61. Kwa mkono kama wako, hiyo ndiyo tofauti ya kufikisha kidole kidogo na kutokukifikisha.

Lina ubaya wake, nisikudanganye. Uzi uliolegea ukiubonyeza kwa hasira unapanda na kutoka nje ya sauti, kwa hiyo itabidi ujifunze mkono mwepesi. Uzi mnene unaweza kupwaya. Na kule chini kabisa freti zinabanana, ukipiga sebene utaona wenye vidole vinene wanavyohangaika. Wewe hutahangaika.

Na kwa sababu ya huko kulegea, nyuzi za namba 9 wanazotumia kaka zako zitakuwa laini mno kwako. Funga 10. Baadaye ukizoea, jaribu 11. Zile zilizokuja nalo zitupe, kwa upepo wa bahari wa hapo Tanga zitakuwa zimeanza kutu. Kila ukimaliza kupiga, futa kwa kitambaa kikavu, na kile chuma cha nyuma pia.

Ila badilisha uzi mmoja mmoja! Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kuazimwa la aina hiyo, nikafungua nyuzi zote sita kwa mpigo ili nilifute vumbi vizuri, mtu msafi mimi. Kumbe kile kirungu cha chuma kinachoshika nyuzi kwa nyuma kinasimama kwa sababu nyuzi zinavuta huku na springi mbili zinavuta kule. Nyuzi zilipotoka kikalala, springi ikaachia, ikaenda zake. Tulipiga magoti watu wanne chini ya mabenchi na tochi za simu, na mwenye gitaa ananiangalia bila kusema neno. Ilipatikana ndani ya kiatu cha mtoto.

Umeniambia pia kuna fundi wa rangi za magari aliyejitolea kulipiga upya lipendeze. Mshukuru, mkatalie. Fender wenyewe walitumia rangi za magari enzi hizo, kwa hiyo hakosei njia, ila gitaa kuukuu likipakwa upya thamani yake inaweza kushuka hata nusu. Huko kupauka unakokuonea aibu ndiko wanunuzi wanakokutafuta.

Kwa kaka kiongozi, usiende na hotuba. Fika mapema kabla wengine hawajafika, lichomeke, na akiingia akukute unapiga. Akiuliza umelitengenezea wapi, mwonyeshe vile viswichi mkiwa wawili, umwachie heshima yake mbele ya vijana. Utaihitaji nia yake njema siku ya kugawa solo.

Na kwa mjomba, kuuza kitu alichokupa bila yeye kujua si jambo la kufanya, hata ukiwa na shida. Mtafute wikiendi hii. Muulize alilinunua wapi, mwaka gani, kama ana risiti, kama kuna picha amelishika akiwa kijana. Halafu muulize na ule mkono mwembamba wa chuma wa kutikisia sauti, maana kwenye barua yako sijauona. Huwa unachomolewa na kusahaulika mfukoni. Mwambie apekue yale makoti ya baridi aliyorudi nayo.