Ufifishaji wa Mitetemo ya Vifaa vya Nano ndani ya Giligili: Dhana na Istilahi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna giligili, yaani gesi au kiowevu, inavyofifisha mitetemo ya vifaa vinavyopimwa kwa nanomita, na istilahi inayofaa kuitaja dhana hiyo. Katika Kiingereza, neno linalotumika hapa hutaja pia unyevu. Mfasiri akifuata maana hiyo ya pili, mwanafunzi atadhani kuwa hewa kavu haififishi mtetemo.

2.0 Dhana

Mwaka 1851, George Gabriel Stokes alichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi msuguano wa ndani wa giligili unavyopunguza mwendo wa pendulamu. Kanuni hiyo inahusu pia kijiti cha hadubini ya nguvu za atomi, iliyoelezwa na Binnig, Quate na Gerber mwaka 1986. Kijiti kinapotetemeka, giligili hufanya mambo mawili. Kwanza, sehemu yake huburutwa pamoja na kijiti, hivyo tungamo huongezeka na idadi ya mitetemo kwa sekunde hupungua. Pili, mnato hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Ndani ya ombwe, kijiti huweza kutetemeka maelfu ya mara kabla ya kufifia. Majini, mara chache tu. Udogo huzidisha athari hiyo, kwani kifaa kinapopunguzwa, tungamo hupungua haraka kuliko eneo la uso linaloguswa na giligili.

Hata hivyo, mnato nao una mpaka. Katika hewa ya kawaida, molekuli husafiri takriban nanomita 70 kabla ya kugongana na nyingine. Kifaa kikiwa chembamba kuliko umbali huo, kinachokififisha ni migongano ya molekuli mojamoja.

3.0 Istilahi

Kwa hiyo, istilahi isiundwe kutokana na unyevu wala mnato. *Ufifishaji*, kutokana na *fifia* na *fifisha*, hutaja tokeo bila kufungamana na chanzo kimoja. Ushahidi mzuri ni kifaa kilichoelezwa mwaka 2007 na watafiti wa chuo cha MIT, Marekani: kiowevu hupita katika mfereji uliomo ndani ya kijiti, na nje yake ni ombwe. Kijiti hicho kimejaa maji, lakini mtetemo wake haufifii upesi.

4.0 Hitimisho

Istilahi ya sayansi ni sehemu ya maelezo yenyewe. Ikibeba chanzo kisicho sahihi, somo hupotoka kabla mwalimu hajaanza kufundisha.