Kiingereza cha Usalama: Maneno ya Nguvu ya Atomi



Kila mara ukurasa huu unawakumbusha kofia, vumbi, malaria na maji safi. Leo tutajifunza maneno ya Kiingereza. Musishangae. Mashini nyingi katika migodi ya Katanga ziko na maandiko ya Kiingereza. Mamoja ya maandiko yale yanasema juu ya kitu kinachoweza kuua bila moto, bila harufu na bila kelele: mionzi ya atomi, jamaa ya ile mionzi ya radio ya kifua kwenye lopitali.

Wengi wetu tulisoma Kifaransa. Tukiona neno la Kiingereza linalofanana na la Kifaransa, tunafikiri tumekwisha kulijua. Mara nyingi ni kweli: "uranium", "radiation", "dose" na "danger" zina maana moja katika luga zote mbili. Lakini maneno mengine yanafanana kwa sura tu, na maana yao ni ingine kabisa.

SOMO LA 1: NENO "CAUTION"

Kwa Kifaransa, "caution" ni dhamana, kama zile pesa mutu anatoa kusudi mufungwa aachiliwe. Kwa Kiingereza tunatamka "koshen", na maana yake ni: Angalia! Ujilinde!

Kwenye kiwanda cha kusaga mawe, pembeni ya tiyo kubwa ya matope, munaweza kuona kisanduku kizito cha chuma chenye kibao cha rangi ya manjano. Juu yake kuna alama ya mabawa matatu, kama pangaboi, na maneno haya: "CAUTION – RADIOACTIVE MATERIAL". Ni kusema: "Angalia, humu kuna kitu kinachotoa mionzi." Ndani kuna kipande kidogo, mara nyingi cha sezyumu 137, kilichozungukwa na risasi, ile metali nzito. Mionzi inapita katika tiyo, na chombo cha upande wa pili kinaihesabu. Matope yakiwa mazito, mionzi michache inapita. Ni vile tunajua uzito wa matope bila kufungua tiyo.

Kisanduku kina kifuniko cha kufunga njia ya mionzi. Kiingereza kinakiita "shutter", tunatamka "shata". "Open" ni wazi. "Closed" ni imefungwa. "Locked" ni imefungwa na kufuli. Mbele ya kutengeneza tiyo ile, inaomba mutu mwenye ruhusa ya kazi hiyo afunge "shutter" na kutia kufuli.

SOMO LA 2: "NUCLEAR POWER PLANT"

"Plant" kwa Kifaransa inakumbusha mumea wa shamba. Kwa Kiingereza neno hilo ni mumea pia, lakini kazini ni kiwanda. "Power" ni nguvu, hata kuran. "Nuclear" ni ya kiini cha atomi. Basi "nuclear power plant" ni kiwanda cha kutoa kuran kwa nguvu ya atomi. Kule Koeberg, karibu na Cape Town katika Afrika ya Kusini, kiwanda cha namna hiyo kilianza kutoa kuran mwaka 1984.

Kazi yake haiko mbali na ile ya Nzilo ao Inga. Kule maji yanaanguka na kuzungusha turbini. Koeberg, moto wa atomi unachemsha maji, na mvuke ndio unaozungusha turbini.

"Fuel", tunatamka "fyuel", ni kitu cha kuwasha, kama makala ao mazutu. Hapa ni uraniumu. Sisi watu wa Katanga tunaijua: uraniumu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilikuwa sehemu kubwa ya ile Marekani ilitumia katika kazi ya bomu za atomi za mwaka 1945.

"Core" si "corps", mwili. Watu wa sonda wanajua neno hili: ni kile kipande cha jiwe kirefu kinachotoka katika kutoboa. Katika reaktere, "core" ni kiini, pahali uraniumu inapowaka.

"Chain reaction" ni moto wa kuambukizana. Fikirini moto wa pori wakati wa kiangazi: jani moja linawasha jirani yake, na lile jirani linawasha lingine. Atomi moja ikipasuka, vipande vyake vidogo vinapasua zingine.

"Control rods" ni fimbo za kutawala moto ule. Kwa Kifaransa "contrôle" mara nyingi ni kukagua tu. Kwa Kiingereza "control" ni kushika usukani. Fimbo zikiingia katika kiini, moto unapunguka. Zikitoka, unazidi.

"Waste", tunatamka "weist", ni takataka. Takataka za atomi hazitupwi jalalani, kwa maana zinatoa mionzi kwa miaka mingi sana.

SOMO LA 3: MANENO YA AFYA

"Half-life", tunatamka "haf-laif", ni wakati unaopita mpaka nguvu ya mionzi ibaki nusu. Kwa sezyumu 137 ni miaka 30. Kisha miaka 60 inabaki robo. Kisha miaka 90 inabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo kisanduku cha zamani chenye kutu si kisanduku kilichokufa.

"Dose" ni kipimo, kama kipimo cha dawa. Mionzi ambayo mwili umepokea tunaipima kwa milisiverti. "Badge", tunatamka "baj", ni kile kidude cha kifuani cha watumishi wanaofanya kazi na mionzi. Hakizuizi mionzi. Kinaihesabu tu. Ukikiacha nyumbani, hakuna atakayejua mwili wako umepokea nini.

"Irradiation" ni kupigwa na mionzi kutoka inje. Ukitoka pale, imekwisha kukupiga, lakini hauibebi nyumbani. Ni vile mutoto aliyepigwa radio hawezi kuambukiza ndugu zake. "Contamination" ni ingine: ni vumbi lenye mionzi lililo juu ya nguo, mikono, ao ndani ya mwili. Hilo linafika mpaka mezani na kitandani.

JAMBO LILILOTOKEA BRAZIL

Mwaka 1987, katika muji wa Goiânia, watu wawili walitoa chombo cha kuponya kansere katika lopitali iliyoachwa, wakakiuzisha kwa mufanya biashara ya mitraye. Ndani yake kulikuwa unga wa sezyumu 137, wenye kung'aa rangi ya bulu gizani. Watu waliuona muzuri, wakagawiana. Mutoto mumoja wa miaka 6 alikula chakula na unga ule mikononi. Wagonjwa walipoanza kutapika, wengine walifikiri ni chakula kibaya. Watu 4 walikufa, na 249 walikutwa na unga ule katika mwili ao juu yake. Hakuna aliyejua alichokuwa akishika.

Ndugu wanaookota na kuuzisha mitraye, mukumbuke jambo hili.

MAMBO YA KUFANYA

Kiingereza kinasema maneno matatu: "time, distance, shielding".

"Time" ni wakati: usikae pale bila kazi.

"Distance" ni umbali: ukienda mbali mara mbili, mionzi ya kipande kidogo inapunguka mpaka robo.

"Shielding" ni ngao: risasi, beto, udongo muzito.

Ukikuta chombo chenye alama ile, usikiguse, usikikate, usikipeleke kambini. Zuia wengine, uite kapita na watu wa sekirite. Kama umekwisha kukigusa, usile wala kuvuta tumbako. Vua nguo za juu, uziache pahali pamoja, unawe kwa maji na sabuni. Halafu fika dispanseri na kueleza ulikuwa wapi na ulishika nini. Kutapika kunaweza kutokea upesi, lakini kidonda cha ngozi kinaweza kuonekana kisha siku nyingi. Kama munganga hajui habari hiyo, atatafuta malaria.

MAZOEZI

1. Kibao kinasema "SHUTTER OPEN". Unaweza kufungua tiyo?
2. Kisanduku cha sezyumu 137 kina miaka 30. Kimeisha nguvu?
3. Umevaa "badge". Inakulinda?
4. "Caution" ya Kiingereza inaomba pesa?

Majibu: 1. Hapana, njia ya mionzi ingali wazi. 2. Hapana, nusu ingali ndani. 3. Hapana, inahesabu tu. 4. Hapana, inaomba macho yako.

Andikeni maneno haya katika kaye, muyasome jioni pamoja na watoto. Mutoto anayejua alama ya mabawa matatu anaweza kumuzuia mukubwa asilete kifo nyumbani.