KUITAMBUA BARUA YA KODI YA KUGHUSHI

Wafanyabiashara wa Nachingwea na Ruangwa, hususan wanunuzi wa ufuta na korosho, wanakumbushwa kuwa nembo na muhuri si ushahidi wa kutosha, vyote huigwa.

Tangu Julai 1996 kodi za Serikali Kuu hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Barua yake halisi hutaja Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, aina ya kodi na mwaka unaohusika. Malipo huingia Serikalini kwa namba maalumu ya malipo, wala si kwa simu au mkono wa mtu binafsi.

Asiyeridhika na makadirio ana siku 30 za kuyapinga. Mghushi hutoa saa chache. Aidha, kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003.

Mwenye shaka asilipe. Kwanza aipeleke barua hiyo ofisi ya Mamlaka.