Dondoo muhimu: Kukumbana bila kuumizana kwenye barafu

Kijana wa Nkoaranga, Tanzania, anayetamani hoki ya barafu itabidi avuke mpaka wa Namanga hadi Nairobi, kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, nyumbani kwa timu ya Kenya Ice Lions.

Akifika, ajifunze kwanza kusimama na kugeuka. Kukumbana bega kwa bega kuje baadaye. Mpinzani aliyeuelekea ukuta asisukumwe mgongoni kamwe, maana hapo ndipo shingo huweza kuvunjika. Kichwa hakiguswi.

Kinga ya shingo ivaliwe hata mazoezini. Mchezaji Adam Johnson alifariki Sheffield mwaka 2023 baada ya kukatwa shingoni na kisu cha kiatu cha mpinzani, na shirikisho la kimataifa la mchezo huo likaifanya kinga hiyo kuwa lazima katika mashindano yake.

Aliyegongwa akapata kizunguzungu atolewe papo hapo, hata akisisitiza yu mzima. Daktari ndiye aamue lini arudi.